Uzoefu wangu na "Otto of the Silver Hand": kasri, dirii na bibi aliyetaka simu ifungwe

Mwanangu wa kwanza ana miaka 10, na tangu mwaka jana ameshikwa na ugonjwa wa ngome. Anachora minara nyuma ya daftari la hisabati, anajifunga kanga yangu shingoni, anamkimbiza mdogo wake uani kwa mpini wa fagio. Mjomba wake alimletea vitabu vitatu vya rangi rangi vyenye naiti, yaani askari wa farasi wa Ulaya ya kale, anayetabasamu na joka linalotabasamu vilevile. Alivimaliza jioni moja, akanifuata jikoni. "Mama, kwani hawa watu walikuwa wanajisaidia wapi?"

Nikaona mtoto amekua kuliko vitabu vyake. Nikaanza kutafuta.

Nilianza na cha bure. "Otto of the Silver Hand" kiliandikwa na Mmarekani Howard Pyle mwaka 1888, haki zake zimeshakwisha muda, kwa hiyo kipo Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, kwa yeyote mwenye simu na bando. Hujisajili, huombwi namba, hurukiwi na matangazo. Nilipakua faili lenye picha. Pyle alikuwa mchoraji kwanza, na picha zote humo ni za mkono wake: wino mweusi, mistari mizito, nyuso za watu waliolala njaa. Kwenye simu yangu ilibidi nizivute kwa vidole viwili ndipo zionekane. Mwenye tableti atazifaidi kuliko mimi.

Hadithi iko Ujerumani, karne ya 13, miaka ambayo ufalme ulikosa mtu wa kuushika sawasawa, hadi Rudolf wa Habsburg alipochaguliwa mwaka 1273. Kila mwenye ngome mlimani alikuwa serikali yake mwenyewe. Baba yake Otto, Baroni Conrad wa Drachenhausen, anateremka na watu wake, anavamia misafara ya wafanyabiashara, anapanda tena na mizigo. Mkewe anamsihi aache. Siku anarudishwa amejeruhiwa, amebebwa juu ya machela, mke anamwona hali hiyo, na usiku ule Otto anazaliwa, mama anafariki. Hayo yote yamekwisha kabla hujazoea majina.

Sasa tatizo. Kiingereza chake ni kile cha Biblia ya King James, na wanangu, pamoja na ada yote ninayolipa, hawakukiweza. Ukurasa wa kwanza mkubwa alijaribu kusoma mwenyewe, akanirudishia simu kimya kimya. Basi nikajipangia hivi: mboga ikiwa jikoni nasoma sura kimoyomoyo, tukishakula naisimulia kwa Kiswahili, simu mkononi kwa ajili ya picha.

Nilidhani nitakwama kwenye mavazi ya chuma. Kumbe Mtume Paulo alishanifanyia kazi katika waraka kwa Waefeso: dirii, chapeo, ngao, upanga, binti yangu wa miaka 7 anavijua vyote kwa sababu waliviigiza kanisani kwa makaratasi ya boksi. Nilichokwama ni "baroni". Mama yangu alikuwa kwetu miezi miwili kwa matibabu ya macho, amelala kwenye kochi, mimi nikidhani amesinzia. Nilipoeleza kwa mara ya tatu kwamba baroni ni bwana mwenye ardhi, na watu wanaoilima ardhi hiyo ni kama wake, akasema bila kufumbua macho: "Si useme kabaila? Ndio hao wa kwenye Azimio la Arusha. Ubepari na ukabaila, tumeuimba mpaka sauti zikakauka." Kuanzia usiku ule Conrad akawa Kabaila Conrad, na nakushauri nawe ufanye hivyo hivyo.

Jina la kitabu nalo lilileta vurugu. Mdogo alielewa "mkono wa fedha" kuwa ni mkono wenye hela, akangoja sura nyingi kuona Otto akigawa.

Mama yake Otto alipokufa, kabaila alimchukua mtoto mchanga akampeleka kwenye monasteri ya Mtakatifu Michael, na utoto wa Otto unapita huko, kati ya watawa, vitabu na kengele. Hapa nilikuwa na bahati ambayo pengine wewe huna. Nimekulia jirani na Peramiho, kule Songea, ambako watawa wa Kibenediktini kutoka Ujerumani walifika mwaka 1898. Monasteri kwetu ni kitu cha kawaida: ni kengele ya alfajiri, ni karakana ya useremala, ni bruda anayepita na baiskeli. Sikuhitaji kueleza abate, mkuu wa monasteri, ni nani, bibi alininyang'anya hadithi kabisa. Kuna mtawa mmoja kitabuni, Bruda John, ambaye kichwa chake kilipata hitilafu tangu utotoni, naye ndiye rafiki mkubwa wa Otto na anamsimulia habari za malaika kana kwamba ameonana nao jana. Bibi akasema alimfahamu bruda wa namna hiyo, akatusimulia, tukalala saa tano. Sura yenyewe ni fupi. Kwetu ilichukua siku mbili.

Kisha kabaila anakuja kumchukua mwanawe, amrudishe ngomeni. Ukiwa na mtoto anayependa naiti, sura hizi ndizo za kumsomea taratibu. Otto anafika kwenye kasri lake mwenyewe na analiogopa. Kuna baridi, kuna giza, watu wanaongea kwa kelele. Anasikia kwa bi kizee wa nyumba kwamba baba yake, katika vita vya kulipiza kisasi, alimuua Baroni Frederick wa Trutz-Drachen wakati huyo ameshapiga magoti ameomba rehema. Mkubwa wangu aliyekuwa upande wa Conrad tangu mwanzo akanyanyuka kwenye mkeka. "Alikuwa amepiga magoti?" Nikamwambia ndiyo. "Na baba yake Otto ndiye naiti mzuri?" Nikasema mimi sijasema hivyo, wewe ndiye uliyesema.

Wa Trutz-Drachen nao wana mtu wa kulipiza, Baroni Henry. Conrad akiwa safarini kwa kaisari, Henry anakuja usiku, anachoma ngome, anamteka Otto. Sura hiyo inaitwa kwa jina la jogoo mwekundu aliyewika, na wanangu walingoja jogoo mpaka nilipowaambia ni moto, Wajerumani ndivyo walivyousema.

Nije kwenye usiku wenyewe. Umeme ulikuwa umekatika, tumekaa kwa mwanga wa simu, asilimia 19 ya chaji. Henry anaingia chumba alichofungiwa mtoto. Alikwisha kula kiapo kwamba hakuna mtu wa ukoo ule atakayepona mikononi mwake, lakini huyu ni mtoto, hawezi kumuua. Basi atahakikisha hatanyanyua upanga maisha yake yote. Pyle hamwagi damu ukurasani, ila unaelewa. Nikasema kwa sentensi moja tu: akamkata mkono.

Kimya. Bibi akasema, "Ee Mama Maria. Funga hiyo simu, watoto watalalaje?"

Mkubwa: "Bibi, ngoja."

Mdogo hakuuliza kama Otto atakufa. Aliuliza, "Ni ule wa kuandikia?" Nikamjibu ni wa kulia, ndiyo. Akauingiza wake chini ya kanga, akaukalia.

Nilifunga simu. Kesho yake sikusoma, nikasingizia uchovu, na kwa kweli nilifikiria kuacha kabisa na kurudi kwa majoka yanayotabasamu. Siku ya tatu nilipotoka kuosha vyombo nilikuta mkeka umetandikwa, watoto wamekaa, na bibi amekaa mbele kuliko wote, miwani usoni. "Haya," akasema, "huyo mtoto anatokaje huko?"

Anatolewa na Hans, mtu wa Conrad mwenye jicho moja, anayeingia ngomeni kwa Henry akijifanya mchuuzi, kisha anapenya kwenye bomba la moshi na kutokea jikoni mweusi tii, masizi mwili mzima. Wapishi wanadhani ni shetani mwenyewe. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Baada ya giza lote lile, Pyle anajua saa ya kukupa nafasi ya kupumua, na hilo waandishi wengi wa watoto hawalijui. Halafu anakubana tena: wanakimbia kwa farasi, Henry yuko nyuma, na kwenye daraja Conrad anawaambia wengine waendelee na mtoto, yeye anabaki peke yake. Wanaanguka wote wawili mtoni, yeye na adui yake. Mkubwa aliniomba nirudie hapo mara mbili. Mtu yule yule aliyeua mtu akiwa amepiga magoti.

Mwisho Otto anafikishwa kwa Kaisari Rudolf, anatengenezewa mkono wa fedha, na baadaye anamwoa Pauline, binti wa Henry, aliyekuwa akimtembelea kifungoni walipokuwa watoto. Mwanangu alisikiliza hadi nukta ya mwisho.

"Kwa hiyo hakupigana hata mara moja?"

"Hata moja."

Akaondoka zake amekasirika. Nasema ukweli, amekasirika mpaka leo. Mpini wa fagio bado unafanya kazi uani, ila mdogo wake amegoma kuwa binti mfalme. Yeye ni Hans, na anajipaka mkaa. Shuka mbili zimeharibika.

Kasoro ninazo. Kiingereza nimeshakitaja: usimpe mtoto akasome mwenyewe, atakichukia. Wanawake wamepunjwa, mama anafariki mapema, Pauline ni mtoto mdogo, na bi kizee yupo kwa ajili ya kusimulia, ndiyo maana binti yangu ilibidi achague kuwa Hans. Sura za monasteri zitamchosha asiye na bibi wa Peramiho. Kuhusu umri, mimi ningeanzia miaka 9, na yule wa 7 alikuwepo kwa sababu nyumba yetu ni ndogo. Nakipa nyota nne kati ya tano, kwa bei ya sifuri.

Ila swali la choo lilikuwa halijajibiwa. Otto hajisaidii popote katika sura zote 14.

Kwa hilo nilinunua "Castle" cha David Macaulay, cha mwaka 1977, kilichotumika, kwa shilingi 38,000 pamoja na usafirishaji, kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni nisiyemtaja. Aliniandikia "hali nzuri sana". Kilifika baada ya wiki sita, kona zimelowa, na mtoto wa watu huko kilikotoka alishawachorea mafundi ujenzi masharubu kwa bik. Nimemtumia ujumbe mara tatu, naona alama za bluu, jibu sioni. Omba picha za kurasa za ndani kabla hujatuma hela.

Kitabu chenyewe hakina lawama. Ni kurasa za michoro ya kalamu zinazoonyesha kasri likijengwa Wales kuanzia mwaka 1283, tangu mtaro wa kwanza. Kasri hilo ni la kubuni, lakini limefuata yale ambayo mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliyajenga kweli baada ya kuiteka Wales, kama Conwy, iliyojengwa kati ya 1283 na 1287 kwa gharama ya pauni 15,000 hivi za enzi zile. Unaona ukuta ukipanda: nyuso mbili za mawe yaliyochongwa, katikati kifusi na chokaa. Mafundi wa zama hizo walifunika kuta ambazo hazijaisha kwa majani makavu na samadi ili baridi kali isipasue chokaa. Bibi aliposikia samadi alitikisa kichwa kwa heshima, kwa mara ya kwanza Wazungu wale walikuwa wamefanya jambo la maana.

Tundu za kurushia mishale lilikuwa somo zima. Kwa nje ni ufa mwembamba, kwa ndani ukuta umepanuliwa ili mpiga upinde ageuke kulia na kushoto. Mkubwa alihakikisha kwa mlango wa chumbani: akaacha ufa wa vidole viwili, akamweka mdogo wake sebuleni na ndala, akasimama ndani na mipira ya soksi. Yeye alimpiga mara tano. Ndala haikuingia hata moja.

Na choo kipo. Chumba kidogo kilichochongwa ndani ya unene wa ukuta, kiti chenye tundu, na mfereji unaoshuka moja kwa moja hadi nje, chini ya ngome. Mwanangu aliutazama mchoro ule muda mrefu kuliko picha yoyote ya Pyle, akachukua daftari la hisabati, akarudi kwenye ngome zake zote za nyuma, moja baada ya nyingine, na kila moja akaichorea tundu ukutani. Kisha akafuta askari wote waliokuwa wamesimama chini yake.