Mashine ya kuoka mkate nyumbani: nani anunue na nani aachane nayo

Mashine ya kuoka mkate ni kifaa cha umeme chenye chombo kimoja cha ndani, kibapa cha kukandia kwenye kitako cha chombo hicho, na kipasha joto kinachokizunguka. Unatia maji, unga wa ngano, chumvi, sukari, mafuta na hamira, unachagua programu, na baada ya saa 3 hadi 4 unatoa mkate uliokwisha kuiva. Kazi inayokupunguzia ni mbili tu, yaani kukanda na kuvizia wakati wa kuumuka. Ikiwa kinachokuzuia kuoka ni mojawapo ya hayo, mashine inaweza kukufaa. Ikiwa kinachokuzuia ni kukosa oveni, kuna njia bora zaidi ya kutumia fedha hizo hizo.

Kwa nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, nafasi ya kwanza naipa oveni ya umeme ya mezani, ya lita 30 hadi 45. Oveni hiyo itaoka boflo, skonzi, keki, kuku na samaki, na itaoka mkate wa kumimina, ambao rojo lake la mchele na tui halihitaji kukandwa na kwa hiyo mashine ya mkate hailisaidii kitu. Donge la boflo likikandwa kwa mkono dakika 10 hadi 12 hulainika vya kutosha. Chagua oveni ambayo moto wa juu na wa chini huwashwa kila mmoja peke yake, kwa sababu ile ile iliyowafanya bibi zetu wapalie makaa juu na chini ya sufuria: mkate unaopata moto wa upande mmoja huungua huku na kubaki mbichi kule. Oveni hula umeme zaidi, karibu yuniti 1 kwa mkate mmoja ukihesabu na muda wa kuipasha, lakini humeza mikate miwili kwa mpigo, na hapo tofauti hiyo karibu inakwisha.

Nafasi ya pili ni ya mashine yenyewe, na kwa watu fulani ningeipandisha hadi ya kwanza bila kusita. Mtu mwenye maumivu ya viungo vya mikono, mzee anayeishi peke yake, mgonjwa wa kisukari anayetaka mkate wa unga usiokobolewa na asiuamini ule wa dukani unaouzwa kwa jina la brauni, na familia inayokula slesi kila asubuhi bila kukosa, hao wataitumia. Wengine wataitumia mwezi wa kwanza, kisha itapanda juu ya kabati.

Hesabu yake ifanywe kwa bei za mtaani kwako. Tuchukue mfano: kama kilo ya unga ni shilingi 2,000 za Tanzania, nusu kilo inayotosha mkate mmoja mkubwa ni 1,000, hamira, sukari, mafuta na chumvi tuseme 400, umeme wa karibu nusu yuniti, ambao kwa mteja wa kawaida wa LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla nchini Tanzania, hauzidi shilingi 200. Jumla ni 1,600. Ikiwa mkate wa uzito huo dukani ni 3,000, umeokoa 1,400. Mashine ya shilingi 350,000 itarudisha gharama yake baada ya mikate 250, yaani karibu miaka miwili na nusu kwa anayeoka mara mbili kwa wiki, na mwaka na miezi minne hivi kwa anayeoka siku moja na kuacha siku moja. Anayenunua ili kubana matumizi ajiulize kwa ukweli yeye ni yupi kati ya hao.

Umeme unaokatika ni tatizo kubwa kuliko bei yake. Mashine nyingi nzuri hukumbuka zilipofikia iwapo umeme utarudi ndani ya dakika 10 hadi 15. Ukichelewa zaidi, programu hufutika na donge hubaki limeumuka nusu. Katika mtaa wenye mgao, sifa hiyo ina thamani kuliko idadi ya programu 15 au 20 zilizochapwa kwenye boksi, ambazo kwa kawaida utatumia tatu.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Programu hizi zimepangwa kwa chumba cha nyuzi 20 hadi 25 hivi. Pwani, wakati wa kaskazi, jiko huzidi hapo kwa mbali, donge huumuka kabla ya saa yake, kisha hubonyea katikati linapoanza kuiva. Dawa yake ni maji ya friji na kupunguza hamira. Nairobi na Mbeya zina baridi zaidi, lakini ziko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa nyepesi huliacha donge lifure haraka vivyo hivyo. Anza kwa kupunguza robo ya hamira iliyoandikwa kwenye kijitabu. Saa ya kuchelewesha, ile inayokuwezesha kulala na kuamkia mkate wa moto, isitumiwe pwani kwa mapishi yenye maziwa mabichi au mayai. Unga nao utazamwe jedwali la virutubisho kwenye pakiti: gramu 11 au zaidi za protini katika kila gramu 100 ndizo zinazofaa mkate.

Mnunuzi ajue pia atakachokiona mezani. Mkate hutoka na umbo la chombo, mara nyingi mrefu kwenda juu, wenye uso mweupe kuliko wa picha ya boksi na tundu chini pale kibapa kilipokuwa. Kwa kuwa haukutiwa kalsiamu propionati inayozuia ukungu katika mikate mingi ya viwandani, siku ya tatu katika joto la pwani hauaminiki. Kata slesi siku ile ile, uzigandishe.

Nafasi ya tatu ni mashine ya kukandia yenye bakuli. Inamfaa anayeuza maandazi au anayekanda kilo mbili za chapati kwa wageni, kwani chombo cha mashine ya mkate hakivuki unga wa gramu 600 hivi. Hata hivyo bado utahitaji oveni, na zile za bei rahisi hunguruma na kunuka moto zikipewa donge zito. Jiko la gesi lenye oveni linunuliwe tu na anayetafuta jiko. Kwa ajili ya mkate peke yake ni ghali mno.

Ya mwisho kabisa ni mashine ya mtumba kutoka Japani au Marekani. Mashine za namna hii zilianzia Japani katika miaka ya 1980, kwa kampuni ya Matsushita ambayo leo inaitwa Panasonic, na zinazotoka huko huwa nzuri sana, ila hutumia volti 100, na za Marekani 120. Ukiichomeka kwenye volti 230 zetu, kipasha joto cha ile ya Japani huvuta zaidi ya mara 5 ya nguvu kilichoundwa kuibeba, cha ile ya Marekani zaidi ya mara 3, na huo ndio mwisho wake. Transfoma ya kuitosha ni nzito na gharama yake hula nafuu yote. Ukiwa na ndugu Uingereza, Dubai au Maskati, mtumba wa huko ni salama zaidi: volti zinalingana na plagi ni ile ile ya pini tatu.

Kwa atakayeamua kununua, iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au barabara ya Luthuli, Nairobi, soma kwanza kibandiko cha nyuma kinachotaja volti, kisha omba mashine iwashwe na uache ikande dakika mbili ikiwa tupu ili usikie kama mkanda wake unakwaruza. Pitisha kidole ndani ya chombo. Utando wa kuzuia kunata uliokwisha kubanduka haurudishiki. Uliza ukubwa wa mkate, kwa maana familia ya watu sita inahitaji inayofika kilo moja. Mwisho ulizia kibapa cha akiba, kwa kuwa ndicho kinachochakaa au kupotea kwanza, na duka likikosa vipuri vya mashine hiyo, chukua ya aina nyingine hata kama bei yake imezidi kidogo.