Fundi wa spika wa Ngamiani: besi imerudi bila amplifaya mpya

Kwa miezi kadhaa sauti ya redio sebuleni kwangu, hapa Chumbageni, Tanga, ilikuwa imepwaya: ngoma zilisikika kwa mbali, na mwimbaji hakujulikana anaimbia upande gani wa chumba. Duka moja la mjini, ambalo halikufika nyumbani wala kusikiliza chochote, lilinishauri ninunue amplifaya yenye nguvu zaidi. Kabla ya kutoa fedha hizo nilimwita fundi wa Ngamiani, na kazi aliyoifanya inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Alianza kwa kusikiliza. Aliomba wimbo ninaoufahamu vizuri, nami nikamwekea taarabu ya zamani ya Black Star, kikundi cha papa hapa Tanga, kwa sababu gitaa la besi na sauti ya mwimbaji nimevizoea tangu utotoni na nikivisikia vimeharibika natambua mara moja. Baada ya beti mbili alizima, akabadilishana nyaya mbili za nyuma ya spika ya kushoto, chanya kwa hasi, kisha akawasha tena. Besi ikajaa, na mwimbaji akasimama katikati.

Hata hivyo, nyaya hizo tangu awali zilikuwa zimefungwa sawasawa, hivyo kosa lilikuwa ndani ya boksi. Akachomoa nyaya zote, akagusisha betri ndogo ya volti 1.5 nyuma ya kila spika, chanya kwenye chanya, nasi tukatazama koni, ile sehemu ya mbele inayotetemeka na kusukuma hewa: ya kulia iliruka nje, ya kushoto ikanywea ndani. Aliyebadilisha sponji inayozunguka koni ya spika hiyo mwaka jana alikuwa amezirudishia nyaya kinyume. Spika mbili zikipingana namna hiyo, moja husukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na besi ndiyo inayofutika zaidi. Nguvu ya amplifaya haitibu ugonjwa huo. Alifungua boksi na kurekebisha humo humo, kwani kugeuza nyaya za nje tu kungeiacha tuita (spika ndogo ya sauti kali) ya upande huo ikienda kinyume na mwenzake.

Kilichobaki kilikuwa chumba chenyewe. Sakafu yangu ni ya marumaru na kuta ni za saruji tupu, kwa hiyo sauti kali zilikuwa zikigonga na kurudi, ilhali spika zilizobanwa kwenye kona zilivimbisha baadhi ya noti za besi na kuziacha nyingine. Alizisogeza kiasi cha nusu mita kutoka ukutani, akazielekeza kwenye kochi, akapima kwa kamba umbali wa kila moja hadi ninapokaa, kisha akaomba litandikwe zulia. Maneno ya wimbo yalisikika wazi kuliko nilivyowahi kuyasikia katika nyumba hii. Alisugua pia kutu kwenye viungio vya nyaya, ambayo kwa hewa yetu ya bahari itarudi.

Nilimlipa shilingi 45,000, nami naona ni bei ya haki. Ninachomlaumu ni kwamba alichelewa siku mbili bila kupiga simu, na risiti aliiandika baada ya kuombwa mara ya pili. Tuita ya kulia bado inakwaruza mwimbaji anapotamka herufi s; amesema itabidi ibadilishwe, na wiki ijayo nitampelekea.