Antivairasi kwa kompyuta ya imeli: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mtu akiingia dukani Darajani au Mlandege, hapa mjini Unguja, kuulizia antivairasi, mara nyingi huwa keshasumbuliwa na imeli siku tatu mfululizo. Barua haziondoki, neno la siri linaombwa kila dakika, au kikasha kizima kimebaki cheupe. Muuzaji anampa boksi, yeye anatoa pesa, na akirudi ofisini anakuta tatizo lile lile linamngoja. Mimi ni fundi wa kompyuta za nyumba za wageni, maduka ya viungo na ofisi za tiketi za boti, na hakuna kinachoniuma kama kuona mtu wa biashara ndogo amelipia leseni ya mwaka mzima kwa kosa ambalo antivairasi hailigusi.

Kwa hiyo nimezipanga antivairasi kwa kipimo cha kompyuta ya mezani ambayo kazi yake kubwa ni imeli. Ila kabla hujatoa hata shilingi, angalia mambo matatu.

La kwanza ni saa. Tazama tarehe iliyo pembeni chini ya skrini. Kompyuta nyingi tunazotumia ni za mtumba, na betri yake ya ndani, ile ya duara kama sarafu iliyoandikwa CR2032, huwa imekwisha. Umeme ukikatika, saa inarudi nyuma miaka kadhaa. Sasa programu ya imeli kabla ya kuzungumza na seva, ile kompyuta ya mbali inayopokea na kutuma barua zako, hukagua cheti cha seva hiyo, yaani kitambulisho chake, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayodhani bado tuko 2015 inaona cheti hakijaanza kutumika, inakataa kuunganisha na kutoa onyo la usalama. Mwenye kompyuta akiliona onyo anasema ni kirusi. Rekebisha saa, badilisha betri, barua zitaanza kuingia.

La pili ni neno la siri linalokataliwa ingawa una hakika ni sahihi. Google ilianza kufunga njia ya kuingia kwa neno la siri peke yake kwenye akaunti za kawaida tarehe 30 Mei 2022, na Microsoft ikafanya hivyo kwa Outlook.com na Hotmail tarehe 16 Septemba 2024. Programu ya zamani itaomba neno la siri mpaka uchoke. Tumia programu ya karibuni inayokufungulia ukurasa wa Google au Microsoft wenyewe uingie humo. Thunderbird ni ya bure na inafanya hivyo. Kwa Gmail kuna njia nyengine pia: washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha tengeneza neno la siri la programu, lenye herufi 16, uliweke kwenye ile programu yako ya zamani.

La tatu, barua zikikwama bila ya kuondoka, tazama ukubwa wa kiambatisho. Gmail haipitishi zaidi ya MB 25, na picha sita za vyumba zilizopigwa kwa simu nzuri zinaweza kuufikia ukomo huo. Kama hakuna kiambatisho, fungua mipangilio ya kutuma. Ikiwa imeandikwa mlango (port) 25, yaani namba ya njia ambayo barua hupitia, weka 587 au 465 kama mwenye seva yako anavyoelekeza, kwani mitandao mingi huufunga mlango 25 kuzuia taka.

Umeyapita yote matatu na bado una wasiwasi? Basi tuje kwenye manunuzi.

Nafasi ya kwanza: usinunue, tumia Defender, na pesa ununulie diski ya nje

Windows 10 na 11 huja na Microsoft Defender ndani yake, bila ya malipo wala leseni ya kukumbuka. Kwa ofisi ya kompyuta moja au mbili, inatosha. Ndani yake kuna mambo mawili ambayo wengi hawajayafungua. Kwanza, kwenye sehemu ya kinga dhidi ya programu za utekaji, zile zinazofunga mafaili yako na kudai pesa, kuna swichi ya kulinda mafolda yako yasibadilishwe na programu isiyojulikana, nayo huja ikiwa imezimwa. Pili, kuna ukaguzi unaofanyika kabla ya Windows kuwaka kikamilifu. Unachukua kama robo saa na huwakamata wale wanaojificha wakati kompyuta inafanya kazi.

Kasoro yake kwetu ni bando. Ofisi nyingi, na kwa Pemba zaidi, zinategemea intaneti ya simu, na watu huweka alama ya mtandao wenye kikomo ili Windows isile bando. Ukifanya hivyo, masasisho ya Defender nayo yanaweza kuchelewa. Kila Jumatatu fungua Defender uangalie tarehe ya sasisho la mwisho. Ikiwa imepita wiki, bonyeza usasishe.

Na kama kompyuta yako ni ya Windows 7, fahamu kwamba msaada wake ulikwisha Januari 2020. Wa Windows 10 ulifika ukomo tarehe 14 Oktoba 2025. Antivairasi juu ya mfumo usiopata viraka, yaani masasisho ya kuziba mianya, ni kufuli jipya kwenye mlango ulioliwa na mchwa. Hapo pesa yako iende kwenye kuusasisha mfumo au kuibadilisha mashine.

Diski ya nje ni ghali kuliko leseni ya mwaka mmoja, lakini huilipii tena mwaka ujao. Funga programu ya imeli, nakili folda lake lote, kisha chomoa diski uiweke kabatini. Nasisitiza kuchomoa kwa sababu programu za utekaji hufunga kila diski zinayoikuta imechomekwa, na nakala iliyobaki mgongoni mwa kompyuta itakwenda pamoja na yenyewe.

Nafasi ya pili: leseni ya kulipia, ESET au Bitdefender, ikifuatiwa na Kaspersky

Hii ni kwa ofisi yenye kompyuta tatu na kuendelea, ambako flashi zinazunguka kutoka mkono mmoja hadi mwengine, wageni wanaomba kuchapisha tiketi, na mwenye ofisi hayupo kila siku. Unacholipia hasa ni kuzuia flashi, kuona hali ya kompyuta zote mahali pamoja, na kupata mtu wa kumuuliza.

Kwa mashine za zamani mimi huweka ESET, ya Slovakia, kwa kuwa ni nyepesi. Bitdefender ya Romania ni kali katika kukamata, lakini kwenye kompyuta ya RAM ya GB 4 utaisikia. Kaspersky ya Urusi ndiyo boksi utakaloliona sana madukani, na kazi yake inaijua. Ila Marekani iliipiga marufuku kuuzwa kwao Juni 2024, na tangu tarehe 29 Septemba mwaka huo watumiaji wa huko hawapati masasisho. Maduka yetu yanaendelea kuliuza boksi lake, lakini kama ofisi yako inatuma hesabu kwa mwenye hoteli au mfadhili aliyeko Marekani, muulize kwanza.

Ukinunua boksi, soma eneo lililoandikwa juu yake. Bidhaa zetu nyingi hupitia Dubai, na baadhi ya leseni hufunguka kwenye eneo zilikopangiwa tu. Kwangua namba na uiwashe mbele ya muuzaji, usingoje kufika nyumbani. Na kabla ya kuweka mpya, iondoe ya zamani kabisa. Antivairasi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja huvutana, na ya kwanza kuumia ni imeli.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo ninapopigiwa simu sana.

Dada wa mapokezi wa nyumba moja ya wageni Mji Mkongwe alinipigia asubuhi, katikati ya msimu. "Fundi, barua zote zimekwenda. Wageni wa wiki ijayo siwajui hata majina." Nilipofika, Thunderbird ilikuwa wazi, kikasha kitupu, tarehe sahihi, intaneti nzuri. Nikafungua orodha ya karantini, pale inapofungia mafaili inayoyashuku, ya antivairasi yao ya kulipia. Mstari wa juu kabisa ulikuwa na faili moja, limeandikwa Inbox tu, bila ya nukta wala herufi za mwisho, GB 1.7.

Thunderbird kwa kawaida huhifadhi barua zote za folda moja ndani ya faili moja. Ilikuja barua moja yenye kiambatisho kibaya, antivairasi ikaiona ndani ya faili hilo, na haikuweza kuichambua barua moja, ikalibeba faili zima. Tulifunga Thunderbird, tukalirudisha faili kutoka karantini, tukaweka ubaguzi ili folda la Thunderbird lisiguswe, kisha tukaifuta ile barua na kulifinya folda (compact) ili iondoke kabisa ndani ya faili. Wageni wote wakarudi kwenye orodha.

Kwa hiyo kipimo changu kikubwa kwa antivairasi yoyote ni hiki: je, naweza kuzima ukaguzi wa imeli peke yake na kuacha ulinzi mwengine ukiendelea? Na je, karantini yake inafikika kwa urahisi? Kuuzima ukaguzi wa imeli hakukuachi uchi, kwani kiambatisho kinakaguliwa tena pale unapokihifadhi au kukifungua. Ukaguzi huo pia hujiweka katikati ya programu na seva, na ndio chanzo cha maonyo mengi ya cheti na barua zinazokwama.

Nafasi ya tatu: za bure za kampuni nyengine

Avast, AVG na wenzake. Zinakamata virusi vizuri. Sizipi nafasi ya juu kwa sababu hazikupi kikubwa kuliko Defender, na zinakusumbua kwa matangazo ya kununua. Pia Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za kurasa ambazo watumiaji wake walikuwa wakizitembelea. Biashara hiyo ilifungwa 2020, lakini mimi siwezi kulisahau.

Malwarebytes ya bure naiweka pembeni ya safu hii. Siku za majaribio zikipita hailindi muda wote, inakagua unapoiambia. Iwe kama mganga wa pili wa kuthibitisha, ukiwa na shaka.

Nafasi ya mwisho: ya kuvunjwa na funguo za WhatsApp

Namba ya maisha yote kwa bei ya soda, au CD yenye programu ya kuvunja leseni. Kuiweka unaambiwa uzime antivairasi uliyonayo kwanza. Fikiria hapo unaombwa nini. Usinunue.

Kifaa ambacho si antivairasi na ningekinunua mapema: UPS, betri ya akiba ya kompyuta

Wete, Pemba, nilimkuta mfanyabiashara wa karafuu ambaye Outlook yake ilikataa kufunguka tangu umeme ulipokatika jioni. Alikuwa keshanunua antivairasi Chake Chake, na ilikuwa imekagua usiku kucha bila ya kuona kitu. Tatizo lilikuwa faili lake la PST, ambamo Outlook huweka barua. Umeme ulikatika likiwa linaandikwa, na lilikuwa la mtindo wa zamani ambao ukomo wake ni GB 2, nalo lilikaribia kujaa. Tukafanya nakala ya faili, tukaendesha scanpst, programu ya ukarabati inayokuja ndani ya Office yenyewe, kisha tukamfungulia faili la mtindo mpya na kuzihamishia barua humo. Waliokuwa na ofisi Unguja wanaikumbuka Disemba 2009, umeme ulipoondoka na kurudi Machi 2010. Siku hizi hauondoki hivyo, lakini sekunde moja inatosha kuharibu faili la barua. UPS ndogo inakupa dakika za kufunga programu kwa utulivu.

Na ukiwa hapo, muulize aliyekuwekea imeli kama ni POP au IMAP, njia mbili za kupokelea barua. Kwa POP barua mara nyingi huteremka na kufutwa kwenye seva, kwa hiyo nakala pekee ni ile iliyo kwenye mashine yako. Omba IMAP, ambayo huziacha barua kwenye seva, mlango 993.

Kile ambacho boksi lolote linaweza kushindwa kukizuia

Wenye hoteli, hili linawahusu. Machi 2025 Microsoft ilitoa taarifa ya watapeli wanaojifanya Booking.com. Imeli inakuja ikidai mgeni amelalamika au akaunti inahitaji kuthibitishwa. Ukibonyeza, ukurasa unakutaka uthibitishe kwamba wewe si roboti: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Ukifuata, umebandika amri yao na kuiendesha kwa mkono wako mwenyewe, na programu ya kuiba maneno ya siri inaingia. Hakuna tovuti ya kweli inayokuomba ubonyeze vitufe hivyo. Mwambie kijana wa mapokezi, na wa zamu ya usiku pia.

Ikiwa keshabonyeza, chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi ya kompyuta hiyo mara moja. Kwa simu, si kwa kompyuta hiyo, badilisha neno la siri la imeli kwanza, kwa sababu ndiyo inayofungua mengine yote, kisha la akaunti ya kupokelea wageni, kisha benki. Halafu ingia kwenye mipangilio ya imeli utazame sheria za kupeleka barua mbele na vichujio. Wezi hupenda kuacha sheria moja inayowatumia nakala ya kila barua yenye neno la malipo, nayo hubaki ikifanya kazi hata baada ya neno la siri kubadilika. Ifute, ndipo uanze kuwapigia simu wageni waliokuwa njiani kukutumia pesa.