Mashine ya boti ya mtumba: tazama maji yamefika wapi kabla hujatoa pesa

Muuzaji atakutajia mwaka wa mashine, nguvu zake, na kwamba inawaka kwa mvuto mmoja tu. Mwache aseme. Mashine iliyokula chumvi miaka mingi bei yake naipima kwa maji yalikofika ndani, na ndivyo nilivyozipanga hapa. Nasemea hasa zile za petroli ya kuchanganya na oili, kama Yamaha Enduro ya 15 na ya 40.

Nafasi ya kwanza ni ya mashine kavu. Fika asubuhi uikute baridi. Ukikuta imeshapashwa moto, ahirisha. Ipime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda: silinda zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, bei ishuke. Kisha iwashwe ndani ya pipa la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ikojoe vizuri: maji ya kupozea yatoke kwa nguvu kwenye tundu lake. Asikuwashie hewani, impela inayosukuma maji ya kupozea ni mpira na huungua upesi ikikosa maji. Kati ya mbili za umri mmoja, chukua iliyofanya kazi Ziwa Victoria au Tanganyika kuliko ya baharini.

Ya pili, na wengi huikimbia bure, ni yenye maji kwenye giaboksi. Mashine ikiwa imelala wima usiku kucha, legeza skurubu ya chini taratibu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwemo hutangulia kudondoka. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa ina maji yaliyokwisha kuchanganyika. Nyeusi ni uchakavu tu. Sasa vua pangaboi. Mara nyingi utakuta mshipi wa nailoni umejisokota kwenye shafti, umeyeyuka ukawa pete ngumu, na ndio uliokata sili, ule mpira unaozuia maji kuingia. Sili ni bei ndogo. Paka oili kidogo kati ya vidole uitazame juani: ikimetameta vumbi la chuma, gia au beringi zimeanza kulika, na hapo si suala la sili tena. Jihadhari pia na oili safi, mpya kabisa, kwenye mashine chafu kila mahali. Imebadilishwa jana. Omba iendeshwe nusu saa baharini, ilale, halafu ufungue tena.

Ya tatu ni inayovujisha maji kwenye silinda. Fungua plagi zote uzipange kwa mfuatano. Plagi moja ikiwa safi kupita wenzake wa kahawia, kama imeoshwa kwa mvuke, maji yanapita humo. Huenda ni gasketi tu, lakini chumvi ikishatoboa uso wa aluminiamu, gasketi mpya haitashika. Piga hesabu ya hedi (kifuniko cha silinda) mbovu, usimsikilize anayekuambia ni gasketi.

Za stroki nne, zile zisizochanganywa oili kwenye petroli, zenye oili nyeupe kwenye stiki ya kupimia oili naziweka nafasi ya nne. Weupe kidogo chini ya kifuniko cha oili unaweza kuwa jasho la mashine inayoendeshwa safari fupi. Weupe huo ukiwa kwenye stiki yenyewe, achana nayo.

Ya mwisho ni iliyozama, hata kama "ilizama kidogo tu". Ikitolewa majini lazima ioshwe kwa maji baridi, ikaushwe, itiwe oili na iwashwe siku ileile. Ikiachwa tu, kutu huanza kula. Vua kava utazame: mchanga pembeni, unga wa kijani kwenye viungo vya nyaya, rangi mpya iliyopakwa juu ya bolti zenye kutu. Toa plagi, zungusha flaiwili kwa mkono polepole. Ikikwaruza, beringi za krenki zimekwisha kuliwa, na katika mashine za petroli ya kuchanganya hakuna kinachozilainisha ila oili iliyomo kwenye petroli. Kuwaka leo ufukweni si ushahidi. Beringi ya namna hiyo hufia mbali na pwani. Ukiitaka, lipa bei ya vipuri tu: pangaboi, kava, kabureta, na giaboksi ukishaona oili yake.