Uzoefu wangu na pampu ya pawa stelingi iliyokarabatiwa, miezi 8 kwenye pikapu ya zamani

Nimeshakaa na hii pampu miezi 8, imepita kwenye mvua na matope na mizigo mizito, kwa hiyo naona sasa naweza kuiongelea vizuri kuliko mtu aliyefungua boksi jana. Pampu ni nzuri, naipa nyota 4 kati ya 5. Ila kama usukani wako ni mgumu na umeshaamua kununua pampu, nakuomba usome mpaka kule chini kwenye krosi (kile kiungo kinachojikunja kwenye shafti ya usukani) kwanza, kwa sababu mimi niliagiza pampu nikiamini itamaliza kila kitu na ikamaliza nusu.

Gari lenyewe ni pikapu ya dizeli ya mwaka 1994, pawa stelingi ni ile ya haidroliki ya kizamani, pampu inazungushwa na belti, mafuta yanasukumwa kwa presha kwenda kwenye stelingi boksi (gia inayogeuza tairi ukizungusha usukani) halafu yanarudi kwenye kitanki. Hakuna umeme wala kompyuta humo ndani. Ugumu haukuja siku moja, na hilo ndo baya lake, unauzoea kidogo kidogo mpaka unaona ni kawaida ya gari la umri ule. Mimi nilikuwa nimeuzoea kabisa, mpaka siku baba alipoliendesha akarudi ameshika bega akaniambia mwanangu huu usukani wako utaniumiza. Yule mzee ameendesha magari yasiyo na pawa kabisa maisha yake yote, kwa hiyo akisema mgumu ni mgumu kweli. Hapo ndo nikaanza kulifuatilia kwa makini.

Nilianza na vitu vya bure. Upepo wa tairi za mbele ulikuwa umeshuka, nikajaza mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango, ikasaidia kidogo sana, ila anza hapo tu maana tairi iliyolala inakaba usukani kuliko watu wanavyodhani. Belti nikaikuta imeng'aa upande wa ndani kama imepigwa rangi ya kiatu, na ilikuwa inalia ukikata kona mpaka mwisho, nikaweka mpya nikaikaza vizuri, kelele zikaisha, ugumu ukabaki palepale.

Halafu mafuta. Nilichovya kwenye karatasi nyeupe, yalitakiwa yawe mekundu maana hii gari inatumia ATF (mafuta ya gia za otomatiki), yakatoka ya kahawia iliyokolea yenye harufu ya kuungua, na ukiigeuza karatasi juani unaona vumbi la chuma linametameta. Hiyo metameta ndo ilinishtua. Maana yake kuna kitu kinasagika, na kwenye mfumo huu kinachosagika mara nyingi ni pampu yenyewe, vile vibao vyembamba vinavyozunguka na rota na kusukuma mafuta. Halafu usukani ulikuwa mgumu zaidi injini ikiwa raundi za chini, ukipiga resi kidogo unalainika, na gari likipata moto inakuwa mbaya zaidi. Hizo ni dalili za pampu iliyochoka, kwa sababu mafuta yakipata moto yanakuwa mepesi na yanapenya pale vibao vilipolika badala ya kusukumwa.

Kuna chupa ya dawa niliimwagia hapo katikati, zile zinazosema zinalainisha sili na kurudisha nguvu. Ilipunguza kuvuja kwenye shafti ya pampu kwa wiki kama mbili. Basi. Kitu kilicholika hakioti tena kwa dawa.

Sasa pampu. Nilichukua iliyokarabatiwa badala ya mpya, yaani nyumba (lile gamba la nje la chuma) ni ya zamani ya kiwandani ila ndani wameweka beringi, sili, oringi na vibao vipya. Nilifanya hivyo makusudi, kwa sababu kwa gari la umri huu pampu mpya nyingi zinazouzwa ni za kuiga na nyumba yake inaweza kutofautiana kidogo kwenye matundu ya bolti. Hii iliingia kwenye bano lake bila kusukumwa, bolti zote zikakaa, mdomo wa hosi ya presha ukawa mahali pake. Kwenye kukaa sawa naipa alama zote.

Pulii (gurudumu linalozungushwa na belti) haiji nayo, unahamisha ya kwako, na hapa naomba usikilize sana. Ile pulii kwenye pampu nyingi imebanwa kwa nguvu kwenye shafti, inatolewa kwa pula na inarudishwa kwa kifaa chake cha kuvuta taratibu, usiigonge kwa nyundo hata kama unaona inakaribia kuingia. Kila nyundo unayopiga inaenda moja kwa moja ndani, na pampu inaweza kuanza kulia siku ya kwanza halafu ukamlaumu muuzaji. Mimi niliazima kifaa, nikatumia kama dakika 20, pulii ikakaa sawa na mstari wa belti.

Kabla ya kufunga nilitoa kitanki nikakiosha, na hiki ndo kipengele ambacho nafurahi sana sikukiruka. Chini kabisa ndani kulikuwa na kichujio cha wavu mwembamba, kimeziba na tope jeusi la chuma na mabaki ya mpira. Pampu inanyonya mafuta kupitia hapo. Ukifunga pampu nzuri juu ya wavu ulioziba itakosa mafuta, itanyonya hewa, italia, na itakufa mapema, na naamini pampu nyingi zinazorudishwa madukani kama mbovu zimeuliwa hivyo. Hosi ya kurudishia nayo nilibadilisha, kwa nje ilionekana nzima ila nikiiminya nasikia ndani imelainika kama andazi lililolowa, na hosi ya namna hiyo inaweza kuvimba kwa ndani ikakaba njia.

Kusafisha mfumo nilifanya hivi. Nilichomoa hosi ya kurudishia kwenye kitanki, nikaziba mdomo wake pale kitankini, hosi nikaielekeza kwenye dumu, tairi za mbele juu ya jeki na stendi, injini imezimwa, mtu mmoja anazungusha usukani kushoto mpaka mwisho kulia mpaka mwisho, mimi naongeza ATF mpya huku juu yasikauke, tukaendelea mpaka kwenye dumu yakaanza kutoka mekundu. Yalikwenda kama lita 2. Nikarudisha hosi, tukazungusha tena injini ikiwa imezimwa karibu mara 20 kila upande ili hewa itoke, mapovu yakawa yanapanda kitankini yanapasuka. Ndo nikawasha. Ukiwasha mapema pampu inayapiga yale mafuta na hewa yanakuwa povu zito la rangi ya maziwa na utasubiri masaa mpaka litulie. Na usiushikilie usukani ukiwa umefika mwisho, gusa urudi, kwa sababu pale mwisho presha inapanda juu kabisa na mafuta yanachemka haraka. Kingine, usije ukaongezea mafuta ya breki humu kwa sababu eti yote ni haidroliki, yanaharibu mipira ya huu mfumo, utaanza kubadilisha sili moja baada ya nyingine.

Nikawasha. Kimya, hakuna mluzi hata kidogo. Gari limesimama usukani unazunguka kwa mkono mmoja, nikafurahi sana, nikampigia baba palepale.

Kesho yake nikatoka barabarani na furaha ikapungua. Gari limesimama ni laini, ila kwenye mwendo usukani ulikuwa na sehemu zinazokwama, unakata kona vizuri, halafu ukiuachia haurudi katikati, lazima uurudishe kwa mkono. Nikakumbuka kwamba hata kabla ya pampu ilikuwa hivyohivyo. Hiyo dalili ilikuwepo muda wote na mimi sikuipa uzito kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba shida ni pampu. Pampu kazi yake ni kukusaidia kusukuma, lakini usukani kurudi katikati kunatokana na jinsi miguu ya mbele ilivyopangwa, na usipotaka kurudi mara nyingi kuna kitu kinakaba kwa chuma, hata ubadilishe pampu tatu.

Kwa hiyo nikafanya kipimo ambacho nilitakiwa kukifanya siku ya kwanza. Nilipandisha tairi za mbele juu, nikazima injini, nikazungusha usukani kwa vidole. Tairi zikiwa hewani inatakiwa uende kwa uzito unaolingana toka mwanzo mpaka mwisho. Wangu ulikuwa unakaza, unaachia, unakaza, unaachia, mara mbili kwa kila mzunguko mmoja. Boljointi au tairodi (viungo vya miguu ya mbele) iliyokauka inakaba kwa namna nyingine, ila kukaza na kuachia mara mbili kwa mzunguko ni krosi. Nikapiga alama ya rangi kwenye shafti ya usukani na kwenye stelingi boksi ili nirudishe palepale, tairi zimenyooka, nikaitenganisha shafti na boksi. Boksi peke yake laini. Shafti peke yake, pale chini karibu na ekzosi, krosi ilikuwa imeshika kutu kiasi kwamba nikiikunja kwa mikono inabaki ilivyokunjwa.

Ile krosi inakaa sehemu mbaya, joto la ekzosi linaikausha grisi, maji na matope ya tairi yanaingia, vile vijiberingi vya sindano ndani vinaoza. Niliipulizia mafuta ya kulegeza kutu nikaichezesha muda mrefu, ikalainika, usukani ukawa mzuri ajabu kwa siku 4, halafu ukarudi. Hilo lilinithibitishia. Kama unataka kupima yako bila kununua chochote, pulizia na uendeshe, ukiona nafuu ya ghafla umeshampata mwizi wako, lakini usiiache hivyo, maana krosi inayokwama leo ndo itakayolegea kesho na hiki ndo chuma pekee kinachounganisha mkono wako na tairi. Nikaweka mpya, bolti yake inapita kwenye mfereji wa shafti, hakikisha imepita kweli ndo ukaze.

Toka siku hiyo pikapu ni gari lingine. Unakata kona, unalegeza mkono, usukani unarudi wenyewe taratibu. Baba aliliendesha akarudi hakusema kitu, akaomba funguo tena jumapili, kwangu hilo lilitosha.

Kuna watu wameniuliza kama nilipoteza hela kwenye pampu. Hapana. Ile ya zamani niliifungua kwa kutaka kujua, vibao vimelika upande mmoja na ukuta wa ndani una michirizi ukipitisha kucha inakwama. Ilikuwa imekufa kweli. Gari lilikuwa na magonjwa mawili yanayofanana kwa nje. Ningeanza na krosi ningekuwa bado na usukani mzito kwenye kuegesha, ila ningejua mapema kwamba ni mawili, na nisingempigia mzee simu ya furaha nusu.

Nyota moja niliyoikata ni kwa ajili ya boksi ambalo pampu ilikuja nalo. Ndani kulikuwa na oringi moja tu, zile washa (vipete bapa vya kuzuia kuvuja) za shaba mbili za bolti ya hosi ya presha hazikuwepo, na washa za zamani zikishabanwa mara moja zinakuwa zimelala, nilizirudisha kwa kukosa nyingine na siku ya tatu pakaanza kulowa. Nikapata mpya, nikafungua tena, nikakaza, pakakauka mpaka leo. Ni kitu kidogo ambacho muuzaji wa pampu anatakiwa kukiweka bila kuombwa, kwa sababu mtu akiona mafuta pale atadhani ni sili ya pampu na kazi nzuri waliyoifanya inaonekana mbovu. Karatasi ya maelekezo nayo haikusema neno kuhusu kuosha kitanki, wakati hiyo ndo ingeokoa pampu zao nyingi.

Kwa sasa mafuta bado ni mekundu, nimeangalia juzi, kimo hakijashuka. Asubuhi za baridi kali inatoa mluzi mdogo wa sekunde chache halafu inanyamaza, nafuatilia kama ni hewa inaingia kwenye klipu ya ile hosi ya kurudishia, nitaibadilisha klipu kwanza.

Na ukichukua ya kukarabatiwa usitupe ya zamani, wanaidai. Kuna amana unayolipa mwanzo na wanakurudishia ukiwapelekea nyumba yako nzima isiyo na ufa. Mwaga mafuta yote, ziba matundu, toa pulii yako kabla hujafunga boksi. Yangu niliirudisha na vipande vyake vyote ndani ya mfuko na amana nikarudishiwa kamili.