Lick and Lather ya Janine Antoni: vichwa 14 vya chokoleti na sabuni

Kama unapenda sanamu zinazouliza "mimi ni nani" ila umechoka na zile ambazo bila kusoma maelezo ukutani huambulii kitu, tafuta hii Lick and Lather, yaani "lamba na upake povu". Janine Antoni, mzaliwa wa Bahamas anayefanya kazi Marekani, aliitoa 1993. Ni vichwa vyake mwenyewe 14, kuanzia kifuani kwenda juu, 7 vya chokoleti na 7 vya sabuni, kila kimoja juu ya nguzo yake utadhani ni wakubwa wa Roma ya kale.

Jinsi alivyovitengeneza ndo panaponimaliza kabisa. Alichukua chapa ya mwili wake kwa ile dawa laini ambayo madaktari wa meno wanachukulia chapa ya meno, akapata kalibu, kwa hiyo vichwa vikatoka ni yeye kabisa, halafu vya chokoleti akavilamba na vya sabuni akaingia navyo kwenye maji akaviogesha taratibu kama unavyoogesha mtoto mchanga. Basi. Hakuna patasi wala nyundo, ulimi na viganja ndo vimechonga. Ukipita kimoja kimoja unaona kabisa, hapa bado unamtambua, pale pua imelika, kwingine macho yamebaki alama tu. Na jamani fikiria, kula na kuoga, hayo hayo mambo mawili ambayo mwanamke anahukumiwa nayo kila siku, ananenepa, hajajipamba, yeye kayafanya ndo vifaa vya kazi. Anajipenda au anajifuta? Mi naona vyote viwili kwa pamoja na ndo maana inauma.

Mi naiweka juu ya Self ya msanii Mwingereza Marc Quinn ya 1991, kile kichwa cha damu yake mwenyewe, kama lita 4.5 hivi, iliyogandishwa na lazima ikae kwenye baridi muda wote. Inashtua, nakubali, ila ukishaambiwa ni damu umeshamaliza, uso wenyewe hausimulii chochote kilichotokea. Kwa Antoni kitendo chote kimebaki juu ya ngozi ya sanamu, hata kama hukuwepo akilamba unakisoma mwenyewe, na sanaa ya utendaji nyingi, ile ambayo kitendo cha msanii ndo kazi yenyewe, hapo ndo inaposhindwa maana inakuachia picha na stori tu.

Shida yangu ni moja, kuna sehemu wanaonyesha viwili tu, cha chokoleti na cha sabuni. Hapo unapata wazo ila hupati ule mwendo wa uso kupotea kidogo kidogo, na mwendo ndo kazi yenyewe. Zipo seti kamili, subiri hiyo. Ukifika usikimbilie kupiga picha ya mbele ukaondoka, zunguka mpaka kisogoni, angalia pale alipolamba nywele zake mwenyewe.