Pikapu inayolala kuliko kutembea: oili ya kawaida au sintetiki?

Ukipita vijiji vya Iringa, Njombe au Handeni hutakosa kuiona: Hilux ya zamani ya dizeli, injini ya 3L au 5L (hayo ni majina ya injini za Toyota, si lita), imeegeshwa chini ya banda la mabati. Mwenye nayo anaishi Dar es Salaam. Inawashwa wakati wa kupeleka mbolea, wakati wa kuvuna, na siku kukiwa na msiba au harusi. Mwaka unakwisha haijafikisha hata kilomita 2,000. Siku ya kubadili oili ndipo ushauri unapogongana. Muuza spea anasema chukua sintetiki, ile oili inayoundwa kiwandani kwa kemikali, hiyo inakaa. Fundi anasema gari la zamani halitaki sintetiki, lipe oili nzito.

Naona wote wawili wanaangalia kilomita, wakati gari hili linasumbuliwa na kitu kingine. Ushauri wangu ni huu: nunua oili ya kawaida iliyo nzuri, 15W-40 (namba ya kwanza ni uzito wake kwenye baridi, ya pili injini ikiwa ya moto), na uibadilishe kila mwaka hata kama gari limetembea kidogo kiasi gani. Pesa itakayobaki kwa kutonunua sintetiki, nunulia filta ya maana.

Tuanze na kinachoiharibu oili ya gari lililoegeshwa. Dizeli au petroli ikiungua hutoa maji. Injini ikishapata moto sawasawa, maji yanayopenya kwenye oili hugeuka mvuke na kutoka. Lakini gari likienda kilomita tatu sokoni na kurudi, oili haijafikia joto hilo, na maji yanabaki kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, pamoja na mafuta kidogo ambayo hayakuungua. Humo ndimo asidi zinapozaliwa, nyingine kutokana na salfa ya dizeli. Tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zimepunguza salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, na hilo limesaidia sana, ila asidi haijaisha kabisa. Kazi ya kuizima ni ya viambato vilivyochanganywa ndani ya oili, na viambato hivyo vina kiasi chake. Vikiisha, asidi inahamia kwenye beringi za kranki, na inaendelea kuzila gari likiwa limelala tu.

Sintetiki inaishinda oili ya kawaida wapi? Inavumilia joto kali kwa muda mrefu bila kugeuka tope, na inabaki nyepesi kwenye baridi kali. Hizo ni sifa za kweli, na lori linalopanda Kitonga na mzigo kwenda Tunduma wiki hadi wiki linazihitaji. Lakini sintetiki haizuii maji wala mafuta mabichi kuingia kwenye sampu. Ikiingiliwa inachoka kama nyingine, na utalazimika kuimwaga baada ya mwaka ule ule. Huo uhai mrefu ulioulipia unaishia kwenye beseni la fundi.

Sasa nizipange kwa mfuatano ninaoununua mimi.

Ya kwanza: 15W-40 ya kawaida, daraja la CI-4

Geuza kidumu usome nyuma. Tafuta herufi za API, taasisi ya Marekani inayopanga madaraja ya oili: madaraja yanayoanza na C ni ya dizeli, yanayoanza na S ni ya petroli. Kwa dizeli, CF-4 lilitoka 1990, CH-4 likaja 1998, CI-4 likaja 2002, na CK-4 mwishoni mwa 2016. Bado madukani kuna vidumu vya bei rahisi vilivyoandikwa CF au CF-4 tu, viache. CI-4 ndilo ninalolipendelea kwa injini hizi za zamani kwa sababu kwa kawaida huja na akiba nzuri ya viambato vya kuzima asidi, na hicho ndicho gari linalolala linakihitaji kuliko kitu kingine. CK-4 ni ya kisasa zaidi na haitaidhuru injini yako, ila ilibuniwa kwa kuzingatia magari yenye chujio la masizi kwenye ekzosti, na mara nyingi ni ghali zaidi. Kwa 3L au 5L sioni sababu ya kuongeza pesa.

Mifano inayojulikana ni Shell Rimula R4 X na Rubia TIR 7400 ya TotalEnergies (zamani Total), zote 15W-40. Hata hivyo soma herufi kwenye kidumu ulichokishika mkononi, usiamini jina peke yake. Vidumu vingi vya aina hii vina daraja la C na la S kwa pamoja, na hapo mwenye pikapu ya petroli ya zamani naye anaweza kuitumia kama kitabu cha gari kinaruhusu 15W-40.

Kuna wanaoogopa kwamba 15W ni nzito mno kwa Makete au Njombe, ambako Juni na Julai asubuhi unakuta barafu kwenye majani. Namba hiyo inatokana na kipimo cha nyuzi 20 chini ya sifuri. Oili ikishindwa hapo haiandikwi 15W. Baridi yetu, hata ile ya Kitulo, haifiki huko.

Ya pili: nusu sintetiki, 10W-40

Kwa pikapu ya petroli ningeipandisha iwe ya kwanza, hasa yenye injini ya familia ya RZ au TR, daraja la SL au la juu zaidi. Inafika kwenye kamshafti upesi kidogo gari linapowashwa baada ya kulala wiki tatu, na bei yake haiumizi kama ya sintetiki kamili. Kwa dizeli hakikisha herufi za C zipo. Nyingi za 10W-40 zinazouzwa kwenye vituo vya mafuta zimelenga magari madogo ya petroli.

Ya tatu: sintetiki kamili, 5W-40 au 5W-30

Nimeiweka hapa kwa sababu ya pesa. Ubora wake siutilii shaka. Mara nyingi bei yake ni mara mbili ya oili ya kawaida au zaidi, na gari hili halikurudishii tofauti hiyo.

Lakini kama pikapu yako ni mpya, yenye turbo na maandishi ya D-4D (dizeli za kisasa za Toyota), sahau mpangilio wangu, fuata kitabu. Injini ya 2.8 yenye chujio la masizi, lile mafundi wanaloliita DPF, inataka oili yenye majivu kidogo, na kitabu kitakutajia daraja lake. Ukiiwekea oili ya Hilux ya mzee wako utaliziba chujio hilo, na bei yake inatosha kununua oili ya miaka mingi.

Hofu ya kwamba sintetiki inaharibu sili (mipira inayozuia oili isivuje) za gari la zamani ina chanzo chake, lakini siku hizi haisimami. Kinachotokea ni kwamba injini iliyokaa na tope miaka mingi ikipata oili inayosafisha vizuri, tope linaondoka na sili iliyokwisha kukakamaa inaonekana inavuja. Kubadilisha kutoka ya kawaida kwenda sintetiki, au kurudi, hakudhuru. Zinachanganyika bila tatizo.

Jambo jingine la kujua kabla ya kulipa: tangu uamuzi wa 1999 huko Marekani, katika mgogoro wa matangazo kati ya Mobil na Castrol, oili iliyotokana na mafuta ghafi na kusafishwa kwa kiwango cha juu nayo huuzwa kama sintetiki katika masoko mengi. Ni oili nzuri. Ila neno hilo mbele ya kidumu halikuambii umenunua nini. Herufi za nyuma ndizo zinazokuambia.

Ya nne: 20W-50

Inunue kama injini imeshaanza kula oili na huna mpango wa kuifungua karibuni. Kwa injini nzima, unaifanya oili ichelewe kupanda kila unapowasha, na kuwasha baada ya kulala muda mrefu ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa vyuma.

Ya mwisho: SAE 40 isiyo na W

Asubuhi ni nzito, na mara nyingi inauzwa kwa daraja la zamani. Iachie mashine ya kusaga kama mwongozo wake unaitaja.

Oili ya kupimiwa kwenye chupa kutoka pipa lisilo na jina siipangii nafasi kabisa. Huwezi kujua kama ni mpya au ni chafu iliyochujwa ikarudi sokoni. Nunua kwenye kituo cha mafuta au kwa wakala anayekupa risiti, kagua sili ya kifuniko na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Kuhusu filta: gari linapolala, oili inateremka kwenye sampu. Ndani ya filta nzuri kuna kiwambo cha mpira kinachozuia ile iliyomo isirudi, ili siku ukiwasha beringi zisisubiri. Filta za bei ya kutupa zina mpira unaokakamaa mapema, na utalijua hilo kwa mlio wa vyuma vikavu na taa ya oili inayochelewa kuzimika. Kwa gari la namna hii, filta mbovu inaumiza kuliko tofauti yoyote kati ya oili ya kawaida na sintetiki.

Badilisha oili kabla ya kuliegesha kwa msimu. Ukingoja hadi siku ya kulitoa, oili chafu yenye asidi imeshakaa juu ya vyuma miezi yote hiyo. Na kijana unayemwachia ufunguo mwambie asiliwashe dakika kumi akiwa amelisimamisha. Hapo anaongeza maji tu kwenye sampu. Alitoe barabarani kilomita 20 au 30 mara moja kwa mwezi, lipate moto kweli. Akifungua kifuniko cha kujazia oili akaona utando wa rangi ya maziwa, mara nyingi ni unyevu wa safari fupi. Utando huo ukionekana tena hata baada ya safari ndefu, au kijiti cha kupimia nacho kikitoka na rangi hiyo, aache kuliwasha na aite fundi aangalie gasketi ya silinda hedi.

Injini hizi zinameza takriban lita sita pamoja na filta, kwa hiyo kidumu cha lita tano hakitoshi. Ongeza cha lita moja. Oili ikibaki, ifunge vizuri na uiweke ndani, mbali na jua. Oili ambayo kidumu chake hakijafunguliwa hukaa miaka kadhaa, Mobil wao hutaja hadi 5. Iliyofunguliwa itumie ndani ya mwaka. Kidumu kikiisha kitoboe kabla hujakitupa, maana kidumu kizima chenye lebo ndicho wachakachuaji wanachokitafuta, na oili chafu ipeleke kwenye gereji inayoikusanya, isimwagwe karibu na kisima.